Mjomba wa Chini na Ubeti wa Tatu

Mjomba wa Chini hakuwahi kukaa kwenye kiti kilichoupa mlango mgongo. Kwetu alikuwa na kiti chake, kile cha kando ya jokofu, ambacho hakuna mwingine aliyekitaka kwa sababu jokofu lenyewe lilikuwa likinguruma na kukupulizia joto mguuni. Yeye alikipenda. Kutoka pale aliuona mlango, dirisha, na mikono ya kila mtu aliyekuwemo jikoni. Mama akimpelekea chai alikuwa anaitangaza kwanza: "Kaka, chai hiyo inakuja." Ukimletea kitu kwa ghafla alishtuka, na akishtuka hakupiga kelele. Alinyamaza tu, mpaka na wewe ukaanza kuogopa bila kujua unaogopa nini.

Naandika habari zake kwenye daftari hili kwa sababu kwa mdomo siwezi. Mimi ni mwoga. Shuleni mwalimu akiita jina langu masikio yanapata moto, na simu ikilia nyumbani naenda chooni ili mwingine aipokee. Nafikiri ndiyo maana nilimzoea Mjomba haraka kuliko watu wazima wengine. Wengine walikuwa wananihimiza, "Sema basi, mtoto!" Yeye hakunihimiza. Tuliweza kukaa saa nzima kila mtu na woga wake.

Jina lake sitaliandika hata humu. Sababu nitaieleza.

Tulimwita Mjomba wa Chini kwa kuwa alikaa chini kabisa na sisi tulikaa ghorofa ya tatu, katika jengo lile lile hapa Tensta, pembeni mwa Stockholm. Wenye nyumba waliwahi kumpa nafasi ya ghorofa ya tano, yenye dirisha kubwa linalotazama msitu. Alikataa. Baba akamshangaa.

"Ghorofa ya tano mtu anatokaje?" Mjomba akamuuliza.

"Kwa lifti, ndugu yangu."

"Na lifti ikiwa imeshapanda na watu wake?"

Baba akarudi kwenye chai yake.

Kazi yake ilikuwa kusafisha ngazi na kuangalia chumba cha kufulia kule chini ya jengo. Hapa kila jengo lina chumba kama hicho, chenye mashine za wote, na ukutani kuna ubao ambapo kila nyumba inachagua siku yake. Watu wanagombania siku zile kama viwanja. Mjomba ndiye aliyekuwa anaamua ugomvi, na hapo ndipo sikumwelewa kamwe: mtu aliyeogopa hatua za miguu kwenye ngazi aliweza kusimama katikati ya wanawake wawili wanaotukanana, mmoja kwa Kifini na mwingine kwa Kigiriki, akawagawia kabati la kukaushia bila kupandisha sauti. Aliogopa watu wasipoonekana. Wakishaonekana aliwahurumia.

Shuka alizikunja sawasawa pembe kwa pembe. Mama alimtania, "Kaka, hizo ni shuka au bendera?"

"Na bendera nimesimama mbele yake nyingi, dada," akajibu. Wakati ule tulidhani ni utani tu.

Alitoka Uganda. Sisi tunatoka Dar es Salaam; Baba aliletwa kusomea ufundi wa injini za meli, akaishia kutengeneza mabasi. Waswidi walipojua kwamba jirani wa chini na sisi wa juu tunatoka nchi zinazopakana, walifurahi kwa niaba yetu: mna lugha yenu, mtaongea! Hawakujua. Na sisi hatukujua. Siku tuliyohamia, Mama alishuka na sahani ya vitumbua, akagonga kwa furaha ya kusikia kwamba kuna mtu wa kwetu. "Hodi! Fungua, ni sisi!" Kimya. Akagonga tena kwa nguvu. "Fungua bwana, tumekuona ukiingia!" Tukasikia dirisha la upande wa pili likifunguka. Tulipozunguka jengo tulimkuta amesimama kwenye theluji na soksi tu, amejibanza ukutani, macho yamemtoka. Mama alibaki na vitumbua vyake mkononi.

Ilichukua miezi kabla hajatueleza. Kwao Kiswahili kilikuwa cha askari. Mtu wa kawaida aliongea lugha ya kwao, na Kiingereza kama alisoma. Kiswahili ukikisikia mlangoni, ujue kimevaa buti. Kwa hiyo Kiswahili alichokijua kilikuwa cha amri tupu: simama, kaa chini, leta kitambulisho, hapana cheka. Na hicho hicho ndicho alichokitumia kwetu, kwa sauti ya upole ajabu. "Simama, binti," alikuwa ananiambia, maana yake nimsubiri twende wote dukani. "Leta mikono," maana yake ana peremende. Mtoto wa jirani mwingine angecheka. Mimi nilileta mikono.

Mama akaamua kumfundisha kile kilichobaki. Tafadhali. Samahani. Karibu. Alipofika kwenye "pole" Mjomba alimsimamisha, akataka kuelezwa mara mbili.

"Unaambia mtu aliyeumia?"

"Ndiyo."

"Hata kama si wewe uliyemuumiza?"

"Hata kama si mimi."

Akaichezea kinywani kama pipi. "Askari hapana kuwa na hilo," alisema. Baada ya hapo aliitumia kila mahali. Aliiambia mashine iliyoharibika, aliuambia mlango aliougonga na ndoo. Pole.

Basi, siku ya gari. Ilikuwa kabla treni ya chini ya ardhi haijafika Tensta. Ukitaka kwenda mjini ulichukua basi mpaka stesheni ya Spånga, na Jumamosi lilikuwa likichelewa mpaka vidole vinakufa ganzi. Watanzania walikodi ukumbi mjini kwa sherehe ya Uhuru, Baba akaazima gari kubwa kazini kwake. Mjomba alikubali kuja. Alipiga pasi shati, akavaa viatu vya ngozi, akasimama mbele ya jengo mchana kweupe akitabasamu kidogo. Baba, kwa moyo wake wote mweupe, akafungua mlango wa nyuma wa gari akasema kwa sauti ya kuchangamka:

"Haya ndugu, panda gari!"

Tabasamu lilifutika. Nilikuwa karibu naye, nililiona likifutika. Kisha akakimbia.

Sijawahi kuona mtu akikimbia vile. Kulikuwa na barafu, viatu vyake havikuwa na meno, na hakuteleza. Mkono wa kushoto aliukunja kama aliyeshika yai, wa kulia aliuacha wazi, na kichwa alikilaza kidogo upande mmoja kama anayesikiliza. Alilipita duka, akaipita shule, akashika njia ya kwenda uwanda wa Järva, na mpaka tunavuta pumzi alikuwa kitu kidogo cheusi kwenye weupe.

Baba alikuwa bado ameshikilia mlango. "Nimesema nini mimi?"

"Umemwambia apande," Mama akasema.

Baba alikuwa anatazama kule kule. "Mkimbio huu naujua," akasema taratibu. "Nimesimama uwanjani Dar, kwenye kamba kabisa, na huyu mtoto," akanielekezea kidevu, "alikuwa mabegani mwangu." Halafu akataja jina. Mama akaniziba mimi mdomo, ingawa si mimi niliyesema.

Kesho yake Mjomba alipanda kwetu, akakaa kwenye kiti chake. Alieleza kwa maneno machache. Kwao ukiambiwa na askari panda gari, ndugu zako wanaanza kukutafuta mtoni. Yeye aliambiwa, na alikuwa na bahati ya miguu. Alikimbilia mpakani, na mwisho akaja Stockholm kwa sababu ndio mji pekee wa Ulaya aliouwaza usiku: alikuwa ameshindana hapa kwenye uwanja wa mjini, watu wakampigia makofi wamesimama. Anaishi kwa jina jingine. Askari walipokwenda kumuulizia, mama yake mzazi aliwaambia amekufa. Aliwatazama usoni akawaambia. Wakaondoka.

"Mimi nikiwa hai," alisema, "mama yangu alidanganya. Mnajua watamfanya nini."

Tulijua. Akamtazama Baba, akamtazama Mama, akanifikia mimi. "Na wewe, binti?"

"Sisemi," nikasema.

"Huyu hata shuleni hasemi," Baba akaongeza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kunyamaza kwangu kusifiwa.

Alikuwa akikimbia kila asubuhi kule Järva, kukishapambazuka. Nilikuwa nikimwona kwa dirisha la jikoni, mkono uliokunjwa na mkono ulio wazi. Uwanda ule zamani ulikuwa wa jeshi, walifanyia mazoezi ya kulenga shabaha. Nilipomwambia nilidhani ataacha. Alifikiri. "Hapa wameshaondoka," akasema. "Kwingine kote sijui."

Sasa wimbo.

Ulitoka nikiwa na miaka kumi na nne na ulikuwa kila mahali. Ulipigwa na kikundi cha hapa Stockholm, vijana wa nywele ndefu wenye magitaa, fidla na ngoma, wale wanaoimba bila kulipwa kwenye migomo. Wimbo wenyewe ulikuwa hauhusu riadha hata kidogo. Ulihusu kiwanda cha nguo katika mji mdogo, kimefungwa, wanawake wamekaa nje na mikoba yao. Beti mbili unasikia habari za kiwanda. Halafu ubeti wa tatu, bila hodi, linaingia jina la Mjomba: mkimbiaji kutoka Afrika aliyekimbia kama ndege, mikono miwili juu, akapotea, hakuna anayeuliza. Kisha kiwanda tena.

"Kiwanda na mimi wapi na wapi?" Mjomba alisema. Alitaka kucheka, kicheko hakikutoka.

Jina walilitamka vibaya. Walivuta irabu isiyo yake na kuimeza nyingine, ukisikia haraka unaweza kudhani ni jina la Mswidi wa kaskazini. Tulishukuru. Hata hivyo, redio ya chumba cha kufulia aliweza kuizima kwa mapigo mawili ya kwanza ya gitaa, kabla mimi sijatambua kwamba ni wimbo ule. Watu walilalamika. Lakini nikisema hivyo tu nitakuwa nimemwongopea, maana mara kadhaa nilishuka na kapu la nguo nikamkuta peke yake anakunja shuka, anavuma puani, na kilichovuma ni ubeti wa tatu. Akiniona alikohoa.

Nilimuuliza siku moja kama alichukia kuimbwa.

"Naogopa," alisema. Akakunja shuka nyingine. "Lakini kule kwetu wamefuta jina langu kwenye vitabu vyote. Hawa watoto wamelipata wapi?"

Mwaka jana mwalimu wetu wa muziki, mwanamke kijana mwenye viatu vya mbao, alitangaza kwamba tutauimba wimbo huo mwisho wa muhula, na kwamba kikundi chenyewe ni rafiki zake, watakuja. Ubeti wa tatu alitaka tuuonyeshe kwa miili yetu. Akainua mikono yote miwili akaanza kukimbia papo hapo mbele ya ubao, viatu vikilia kwa, kwa, kwa, na darasa zima likainua mikono. Watu ishirini na kitu wanapiga mabawa. Nilikuwa nimekaa. Kitu kilinipanda kifuani, na sikuwa nimekizoea, kwa hiyo sikukiwahi.

"Hapana," nikasema. "Hakimbii hivyo."

Nikaonyesha. Wa kushoto kama umeshika yai, wa kulia wazi.

Kwa Kiswidi anakimbia ni *springer*, alikimbia ni *sprang*. Tofauti ni irabu moja na mkia. Mimi nilisema *springer*.

Viatu vya mbao vikanyamaza. "Umesema *springer*?" mwalimu akauliza. "Unamjua?"

"Nilitaka kusema *sprang*."

"Lakini umetuonyesha mikono yake." Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoniua. Angenikasirikia ningenyamaza kama kawaida yangu na yangekwisha. Akasema atawaambia rafiki zake, wamekuwa wakitaka miaka yote kujua yaliyompata. Kama yuko hai, akasema, magazeti yote yataandika!

Siku tatu sikula vizuri. Mama alinipima homa. Nilikuwa nikimwona akilini mama yake Mjomba, bibi ambaye sijawahi kumwona, amesimama mlangoni kwake, na gari limesimama nje, na wote wako pale kwa sababu ya irabu yangu. Siku ya nne nilishuka chini nikamwambia Mjomba. Nilimwambia nikitazama mashine.

Akaizima mashine. Hakunigombeza. Akavuta kiti, akakaa, na ndipo nikaona kwamba amekaa akiupa mlango mgongo. Nilitaka kumwambia. Sikuweza.

"Umeniweka hai," alisema baadaye.

"Samahani, Mjomba."

"Basi utaniua. Kabla ya magazeti."

Baba alijitolea aende yeye. Mjomba akakataa: mtu mzima akienda kueleza, wataona kuna jambo, mtoto akirekebisha kosa lake la sarufi, hilo ni jambo la shule. Ilikuwa kweli kwamba nilimwona Dar nikiwa mdogo, mabegani mwa Baba. Nianzie kwenye kweli, akasema, miguu itapata pa kukanyaga. Kisha niseme amekufa.

Walikuja wawili wa kile kikundi: mwimbaji wa ndevu nyekundu na mwanamke anayepiga fidla. Tulikaa chumba cha walimu mchana wa Jumatano. Mezani walikuwa wameweka mashine ya kunasia sauti, taa yake ndogo nyekundu inawaka. Nilisema kila kitu kwa wakati uliopita. Alikimbia. Alikuwa. Alikufa. Kila kitenzi nilikichungulia kabla sijakitoa, kama mtu anayevuka barafu ya ziwa. Kisha mwimbaji akauliza alikufa kwa nini, na hapo hatukuwa tumepanga.

"Homa," nikasema.

"Alizikwa?"

"Ndiyo. Kwao."

"Na nani?"

"Mama yake."

Mwanamume akalia, mtu mzima, machozi yakaingia kwenye ndevu. Alisema alikuwa mtoto wa miaka tisa siku ile kwenye uwanja wa mjini, baba yake alimpeleka, na hajaona kitu kizuri kama kile tena. Nilijisikia mwizi. Mwanamke hakulia. Alikuwa ananitazama mikono.

"Mikono yake umeikumbuka vizuri sana," akasema, "kwa mtoto mdogo vile."

"Baba anamwiga nyumbani," nikasema. "Kila mara."

Akanyoosha kidole, akazima mashine, akatoa kanda, akaitia mfukoni. "Sawa," akasema. Kama aliniamini sijui. Naandika kwa kalamu ninayoibana mpaka vidole vinauma: sijui. Hakuna gazeti lililoandika.

Mjomba alihama wiki ile ile bila kuaga. Kwenye ubao wa chumba cha kufulia siku yetu ilikuwa imesogezwa Jumamosi, siku ambayo Mama aliililia miaka yote. Baada ya miezi ndipo ujumbe ukaja kwamba yuko Norsborg, kule mwisho kabisa wa njia nyekundu ya treni, upande wa pili wa jiji. Ghorofa ya chini, bila shaka.

Jumamosi iliyopita Mama alinipa kikapu nimpelekee. Nilikwenda peke yangu, njia ya bluu mpaka mjini, kisha nyekundu mpaka treni haina pa kwenda. Mchana, jua kali la mwezi wa tano. Alikuwa ananisubiri kwenye benchi pale stesheni. Amekonda, nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Hakusubiri nimsalimie.

"Mama yangu hajaguswa," alisema. "Mtu amepita kijijini, akatokea Nairobi, amepiga simu. Wiki mbili zilizopita alikuwa anapalilia."

Nikakaa kando yake. Nililia kidogo. Akaniambia pole, kwa matamshi mazuri kabisa ya Mama. Tukatazama treni moja ikiondoka karibu tupu.

"Sasa niambie," akasema. "Nilikufa vipi?"

"Kwa homa, Mjomba."

"Homa." Akatikisa kichwa kama aliyetegemea zaidi. "Mimi nilikuwa na pumzi nzuri sana. Walikubali?"

"Mmoja alilia."

"Yupi?"

"Anayeimba. Alikuona hapa akiwa mtoto."

Vidole vyake vilikuwa vinapapasa ukingo wa kikapu. "Nikazikwa?"

"Nilisema ulizikwa nyumbani. Nilisema mama yako ndiye aliyekuzika." Nilikuwa naogopa kumtazama. "Sikupanga. Waliuliza ghafla. Samahani, Mjomba, sikutaka kumtia yeye ndani."

Watu walishuka kutoka treni nyingine, wakatupita na mifuko yao, na safari hii hakuwahesabu kwa macho.

"Kwa hiyo alikuwepo," akasema.

"Ndiyo."

"Alivaa nini?"

"Hawakuuliza."

Akakiweka kikapu chini katikati ya miguu, akanyoosha mgongo. "Ana gomesi yake ya kijani," alisema, "lile gauni letu refu, mabega yamesimama, mshipi mpana kiunoni. Anaivaa akija kunitazama nikikimbia." Akaiweka mikono yake mwenyewe kiunoni, kunionyesha fundo linapokaa. "Wakikuuliza tena, binti, waambie alivaa ile ya kijani."